Bonge na slimu: PS2 mbili zenye jina moja, matumbo mbalimbali

Ubishi ulianzia barazani kwetu Langoni, baada ya alasiri, saa ambayo jua limeshahamia upande wa pili wa ukuta na watu wameanza kutoka nje. Mwana wa ndugu yangu anataka kufungua kibanda cha gemu hapa Amu, mji wa Lamu, na alikuwa ameweka PS2 mbili, zile mashine za gemu za Sony ziitwazo PlayStation 2, juu ya mkeka: moja nene, ya kukaa kama tofali la matumbawe, nyingine nyembamba ya kubebwa kwapani. Vijana wetu ya kwanza huiita bonge, ya pili slimu.

"Ami," akaniuliza, "si mashine ni ileile, ila hii wameiminya?"

Rafiki yake akadakia kwamba slimu ni nyepesi kwa kuwa imepunguzwa nguvu. Wa tatu akasema la, slimu ndiyo iliyotoka nyuma, basi ndiyo bora. Kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli, na kila mmoja angenunua vibaya.

Tuanze na yasiyo na ubishi. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ikafika Marekani na Ulaya kabla ya mwaka huo kwisha, na ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzo wa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155, ndiyo maana mpaka leo hazijaisha madukani wala chini ya vitanda vya watu. Slimu ilizaliwa mwishoni mwa 2004. Bonge lina upana wa milimita 301, kina cha 178 na kimo cha 78, na uzito wa kilo mbili na ushei. Slimu ina 230, 152 na 28, na uzito wa gramu 900. Fanya hesabu uone: ndani ya bonge moja unaweza kumimina slimu nne na nafasi ikabaki.

Na nguvu je? Ni ileile. Prosesa kuu inakwenda kwa kasi ya megahezi 294 kwa mashine za mwanzo na 299 kwa za baadaye, tofauti ambayo jicho haliioni. Kumbukumbu ya kazi ni megabaiti 32 kwa zote, na chipu ya picha ina zake 4. Pedi zinaingiliana, memori kadi zinaingiliana, waya wa kwenda kwenye TV ni mmoja. Goli ulilofungwa kwenye bonge utafungwa vilevile kwenye slimu. Aliyesema slimu imepunguzwa nguvu tumalizane naye hapo.

Lakini wakati wao wakitazama unene, mimi nilizigeuza zote mbili kifudifudi. PS2 ina kibandiko chenye namba inayoanza na SCPH, na namba hiyo inasema mengi kuliko umbo. Tarakimu za mbele zinataja toleo: kuanzia 10000 hadi mfululizo wa 50000 ni mabonge, kuanzia 70000 hadi 90000 ni slimu. Tarakimu ya mwisho inataja soko iliyotengenezewa. Sifuri ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. SCPH-50004, basi, ni bonge la mwisho mwisho lililokusudiwa Ulaya. SCPH-75001 ni slimu ya Marekani.

Hiyo tarakimu ya mwisho naiheshimu kwa sababu iliwahi kunila pesa. Miaka ya nyuma niliuziwa bonge safi kabisa, halina mkwaruzo, kwa bei ya kuchekesha. Nililivusha kutoka Mokowe kwa mashua, nimelipakata kama mtoto mchanga. Nikalichomeka ukutani, nikabonyeza swichi ya nyuma, ukasikika mlio kama wa njugu iliyopasuka kaangoni, kisha ikaja harufu. Namba yake iliishia na 1. Bonge la Marekani hubeba kigeuza umeme tumboni mwake, nacho kimeandaliwa volti 120. Stima yetu ni volti 240. Muuzaji hakunidanganya, maana sikumwuliza, na yeye huenda hakujua.

Hata lau ningelitafutia transfoma, yangebaki mawili. Mashine za Marekani na Japani hutoa picha ya hezi 60 kwa mfumo wa NTSC, na TV za zamani za huku, za mfumo wa PAL, nyingi huionyesha nyeusi na nyeupe au ikitetemeka. TV bapa za sasa hazina shida hiyo. La pili ni sidii: gemu rasmi ya Ulaya haikubaliki kwenye mashine ya Marekani, labda iwe imeshapita mikononi mwa fundi akaitia chipu. Kwa pwani yetu tafuta 3 au 4 mwishoni.

Sasa swali la kuiminya. Kitu cha kilo mbili kimekuwaje gramu 900 bila kupoteza nguvu? Majibu ni manne, na uzito wake haulingani.

La kwanza ni chipu zenyewe. Mwaka 2000 prosesa kuu na chipu ya picha zilikuwa vipande viwili vikubwa vyenye joto kali, kila kimoja kikihitaji bati nene la kukipoza. Kadiri viwanda vilivyojifunza kuchora njia nyembamba zaidi juu ya silikoni, vipande hivyo vilisinyaa, hadi ikawezekana kuviunganisha viwili kuwa kimoja kidogo kinachokula umeme mchache na kutoa joto dogo. Joto likipungua, bati la kupozea linapungua, feni inapungua, na kasha linafuata. Wembamba wa slimu ulianzia hapo, kwenye chipu, kabla haujafika kwenye plastiki. Kuna kioja kimoja: katika slimu za mwanzo kabisa, za mfululizo wa 70000, baadhi zina chipu mbili za zamani na baadhi zina ile moja iliyounganishwa, na nje hutazitambua.

La pili ni mlango wa sidii. Bonge lina trei inayotoka na kurudi kwa mota yake, yenye gia, mkanda na reli. Slimu imeyatupa hayo yote: unafunua kifuniko cha juu kama cha sufuria, unabandika sidii, unafunika. Vyuma vimepungua, lakini nitakuja kulalamika mbele kidogo.

La tatu ni umeme. Bonge hugeuza stima tumboni. Slimu ya 70000 imekitoa kigeuza nje, kikawa adapta ya kulala sakafuni inayoipa mashine volti 8.5 na hadi amperi 5.65. Sehemu ya ule wembamba ni hila ya mwenye mzigo: ameuhamisha kutoka kichwani kwenda mkononi. Ila hila hii ina faida. Kugeuza volti 240 kuwa 8.5 huzaa joto, na joto hilo sasa linazaliwa mbali na chipu. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kama ijulikanavyo huku, mara nyingi adapta ndiyo inayokufa kwanza, nayo hununuliwa peke yake. Bonge likipigwa namna hiyo, ni bisibisi na fundi.

Shida ni adapta za bandia. Zimeandikwa volti 8.5 sawasawa, na plagi inaingia, lakini amperi hazifiki. Mashine inawaka, nembo inatokea, halafu sidii ikianza kuzunguka na kazi kuwa nzito inajizima. Watu huilaumu lenzi, wakabadilisha lenzi, ikajizima tena. Na adapta halisi nazo hazikuanza vizuri: Septemba 2005 Sony ilitangaza kuzirudisha na kubadilisha zilizotengenezwa kati ya Agosti na Desemba 2004, kwa kuwa zilikuwa zinapata moto kupita kiasi. Ukikutana na adapta ya tarehe hizo katika mtumba, iache ilipo.

La nne ndilo lililokata shauri kwa kibanda cha mwanangu: slimu imekatwa chumba cha nyuma. Bonge, kuanzia mfululizo wa 30000, lina nafasi mgongoni ya kuingiza diski ngumu ya inchi 3.5, ile ya kompyuta ya mezani, pamoja na kifaa cha mtandao kilichouzwa peke yake. Sony yenyewe iliuza diski ya gigabaiti 40 kwa ajili hiyo. Gemu zilizoitumia hazikuwa nyingi na wazo likazimika, ndipo wachoraji wa slimu wakaona chumba kitupu ni nafasi ya bure. Badala yake wakaipa kila slimu tundu la mtandao la kudumu, bila gharama ya ziada.

Walichokiona kuwa chumba kitupu, miaka ishirini baadaye kimekuwa sebule. Lenzi za mashine hizi zimezeeka zote, na mpya za asili hazitengenezwi tena. Bonge lenye diski ngumu, likipewa programu ya kufungulia inayokaa kwenye memori kadi, husoma gemu moja kwa moja kutoka diski. Lenzi inaweza kufa, ikazikwa, na mchezo ukaendelea. Gemu utakazonakili ziwe ni zako, hilo ni la mtu na dhamiri yake. Ninachosema ni kwamba sidii uliyoinunua halali inapumzika ndani ya kasha lake, mchanga wa kibandani haiuoni.

"Lakini slimu si ina USB?" akauliza yule rafiki. Ina, matundu mawili, na bonge pia linayo mawili. Tatizo ni umri wa matundu yenyewe. USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, mwendo wake wa juu kabisa kimaandishi ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti moja na nusu. Msomaji wa sidii wa PS2 hufikia megabaiti 5 na kitu. Gemu iliyoandaliwa kusomwa kwa megabaiti 5 ukiipitisha kwenye USB ni sawa na kuwapitisha wasafiri wa jahazi kwenye mtumbwi: watafika, kwa zamu. Mpira wenyewe huchezeka, kwa kuwa uwanja ukishapakiwa umepakiwa. Zile filamu fupi za utangulizi ndizo zinazokwamakwama na sauti kujikwaa. Mwenye slimu ana njia nyingine, kuvuta gemu kwa waya wa mtandao kutoka kompyuta. Ni ya kasi zaidi, ila sasa kibanda kinataka na kompyuta.

Kufikia hapa ungedhani nimeshalichagua bonge. Subiri, kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalisemi, nalo linawagusa wenye sidii za PlayStation ya kwanza.

PS2 inacheza gemu za PS1. Inafanyaje? Hebu fikiria jahazi jipya linashushwa majini, na mwenye chombo, badala ya kumwachisha kazi nahodha wa jahazi la zamani, anampa cheo cha serahangi, msimamizi wa mabaharia. Prosesa mpya ndiye nahodha. Prosesa ya PS1, ileile yenyewe, imetiwa ndani ya PS2 kufanya kazi za sitahani: kupokea vibonyezo vya pedi, kufungua memori kadi, kusimamia sidii, USB na sauti. Ukiweka gemu ya PS2, mzee anatumika. Ukiweka sidii ya PS1, nahodha anabaki kusaidia picha tu, mzee anashika usukani wake wa zamani na kuendesha kama alivyozoea. Haigizi mtu, ndiye yeye.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mabonge yote na kwa slimu za 70000. Kuanzia mfululizo wa 75000, yule mzee hayupo. Nafasi yake imechukuliwa na chipu ya ukoo mwingine kabisa, PowerPC, iliyofundishwa kunena kwa lugha yake. Anakariri vizuri, na gemu nyingi mno hazikugundua chochote. Lakini zipo zilizotegemea tabia ndogondogo za mzee, namna alivyokuwa akichelewa hapa na kuwahi pale, na hizo zikaleta matatizo: baadhi za PS1 na hata chache za PS2. Kwa hiyo slimu mbili zinazofanana kama mapacha, moja 70004 na moja 75004, ndani zimeachana kuliko bonge la 50004 na slimu ya 70004 zilivyoachana. Hapa ndipo umbo linapokupoteza kabisa.

Matoleo yaliyofuata nayapitia haraka. Ya 77000 ni mwendelezo wa 75000. Ya 79000, ya 2007, ilipungua hadi gramu 600, nyepesi kuliko zote. Kisha ikaja 90000, mwishoni mwa mwaka huohuo kule Japani na 2008 kwingine, nayo ikafanya kichekesho: ikarudisha kigeuza umeme tumboni, kama bonge. Uzito ukapanda hadi gramu 720 na adapta ikaondoka. Ni nadhifu mezani, waya mmoja tu ukutani. Lakini ile faida ya adapta kujitoa mhanga stima inapovamia imekwisha, na sharti la kusoma volti mgongoni limerudi. Pia baadhi ya 90000 za baadaye zilibadilishiwa programu ya kuwashia, na mbinu ile ya kufungua kwa memori kadi haipiti humo. Kwa mtu anayecheza na sidii zake nyumbani, si neno. Kwa kibanda, ni neno kubwa.

Na sasa lile lalamiko. Wachoraji wa slimu hawakuwahi kuishi Lamu. Hapa chumvi hailetwi na upepo tu, inakaa kwenye ukuta, kwenye mapazia, kwenye nguo. Kusi ikivuma, kioo ulichokifuta asubuhi jioni kina ukungu. Slimu ukiifunua, lenzi inakutazama uchi, na vidole vya watoto viko hapo, vina mafuta ya viazi karai. Kila kubadilisha sidii ni kuipa chumvi na vumbi nafasi nyingine. Trei ya bonge humeza sidii na kufunga mdomo, lenzi iko ndani gizani. Ila usidhani bonge limesalimika: feni yake kubwa huvuta hewa siku nzima, na hewa yetu ndiyo hiyo hiyo. Nimefungua mabonge ambayo bati lake la ndani lilikuwa na kutu kama nanga, na kule kwenye soketi za pedi rangi ya kijani kibichi.

Lenzi ya bonge ina ugonjwa wake wa uzee pia: hupoteza kimo chake sahihi mbele ya sidii, ndipo unapoona zile zenye mgongo wa buluu, yaani za CD, zinakataa na za fedha, za DVD, zinapita, au kinyume chake. Fundi anayejua hugeuza gia ndogo nyeupe kwa meno machache na mashine inarudi. Asiyejua hukuuzia lenzi. Lenzi ya slimu hufutwa kwa pamba na spiriti safi isiyo na mafuta wala marashi, bila kukandamiza. Usitumie pindo la kanga, nimeshuhudia matokeo yake.

Bonge lina swichi halisi mgongoni inayokata umeme kabisa, ukienda kulala unaizima. Slimu ikiwa imechomekwa imo katika usingizi wa nusu jicho, basi chomoa ukutani. Na mfululizo wa 50000 una utulivu ambao mabonge ya mwanzo hayana; yale ya 30000 yakishika kasi utadhani kuna boti inakaribia gati. Ukipata la 50000, ule mlango mdogo wa mbele wa i.LINK, wa kuunganishia mashine kwa waya, haumo. Hakuna atakayeulilia.

Basi nikamwambia mwana wa ndugu yangu hivi. Kwa kibanda, chukua mabonge, 50003 au 50004, hata yale ambayo sidii hayasomi tena, maana hayo huuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Yatie kifaa cha mtandao na diski ngumu, uyaweke juu ya rafu, mbali na sakafu ya mchanga, mgongo wake usigusane na ukuta. Kwa anayesafiri baina ya Amu na Mombasa na begi moja, slimu ya 77004 na adapta yake ya asili. Kwa mzee kama mimi mwenye kasha la sidii za PS1, 70004, na hiyo iliyokuwa mkekani ilikuwa 70004.

"Yaani Ami unaichukua yangu?"

Nikampa bei yake na nikaingia nayo ndani.

Juzi alikuwa Malindi akitafuta mashine. Alinipigia simu kutoka dukani, akilalamika kwamba muuzaji amenuna kwa sababu kabla hajaulizia bei, kabla hata hajaketi, alishazigeuza zote nne kifudifudi juu ya kaunta. Nikamwuliza zinaishia na ngapi. "Tatu ni 4," akasema. "Ya nne kibandiko kimebanduliwa." Nikamwambia alipie tatu.